Mzee Nakunywa?

Siku ya tatu ya Ramadhani, alasiri, Maalim Dawudi alianza kutetemeka mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya safu tano za waumini, na waumini wakapendezwa sana.

Alikuwa safu ya kwanza, nyuma ya imamu, ndani ya kanzu ambayo mkewe alikuwa ameipiga pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Mikono ilianza. Mabega yakafuata. Jasho lilimtoka kisogoni likalowesha kola, na wakati wenzake wanasoma kimoyomoyo, yeye alitoa sauti ndogo ya kilio. Alipoinuka kwenye sijida ya mwisho alibaki akiupangusa mkeka kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayeondoa kitu bila kutaka kukiumiza.

"Sisimizi," Haji Huzaifa alimnong'oneza jirani yake baada ya salamu. "Umeona? Hataki kuwaponda viumbe wa Mungu kwa paji lake la uso."

Jirani aliutazama mkeka. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Lakini Haji Huzaifa ndiye mwenyekiti wa msikiti, na mwenyekiti akiona sisimizi, mjumbe wa kamati yake hana budi kuwaona pia.

"Mashaallah," akasema jirani. "Ni wengi."

Nyuma ya pazia la kijani, upande wa wanawake, Sundus binti Dawudi aliyaona yote kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe kwa bikari ya shuleni miaka miwili iliyopita, kwa manufaa ya elimu. Alikuwa na miaka kumi na sita, amemaliza Senior Four huko bwenini na anasubiri kuingia Senior Five, na katika kusubiri huko alikuwa amejipatia jina baya mtaani kwao, Luzira nzima. Siku ya kwanza ya mfungo alipiga adhana ya Magharibi kwenye simu yake dakika kumi kabla ya jua kuzama. Ami yake Shakib alikuwa amekwisha kula tende tatu na nusu kikombe cha uji pale adhana ya kweli ilipomkuta na mdomo uliojaa. Ami Shakib hakuwa amesamehe, na hakuonyesha dalili za kusamehe kabla ya Idi.

Kwa baba yake tu ndipo mzaha ulipokoma. Siku za wazazi kutembelea shule, baba za wenzake walikuja na miwani myeusi na harufu ya bia ya mchana. Wa kwake alikuja na kanzu, harufu ya udi, na karafuu anazozitafuna kwa sababu ya jino bovu. Sundus aliwahi kusimama juu ya kitanda cha ghorofa na kutangazia bweni zima: baba yangu hajaonja kilevi hata cha kikohozi. Wasichana arobaini walisikia. Hakuna aliyebisha.

"Mwanangu," mama mmoja alimsukumia chupa ya maji, "mpe baba'ko aisomee. Mtu anayelia hivi kwenye sala, dua yake hairudi bure."

Sundus aliipokea kwa unyenyekevu mkubwa, kama balozi anayepokea hati. Alipofika mlangoni alikuwa na chupa saba.

*

Kutoka msikitini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika sita. Siku hiyo walitumia nusu saa, kwa sababu Maalim alisimama kila mara kuwapisha watu.

"Watu gani, Baba?"

"Hawa," akasema, na kuwapisha tena.

Uani, Bi Maimunah alikuwa anakaanga sambusa za kufuturu. Alimwona mumewe akiingia, akaiona ile mikono, akazima jiko palepale. Sundus alilikumbuka hilo baadaye: mama yake hakuuliza kuna nini. Alizima jiko.

"Ulale kidogo, Mume wangu."

"Nitalalaje? Nani amewaingiza hawa ndani?" Maalim alielekeza kidole kwenye tangi la maji. "Waambie darsa ni kesho. Kesho baada ya Alasiri. Haji amenipa mimi."

Kisha shingo ikakakamaa, macho yakageuka juu, na Maalim Dawudi, muuza kanzu na mwalimu wa madrasa kwa miaka ishirini na miwili, akaanguka ubavu kando ya birika la udhu na kuanza kupigapiga sakafu kwa mwili mzima. Povu lilimtoka. Kanzu ikalowa chini ya kiuno. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili, na Ami Shakib, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya sambusa, alitumia dakika moja nzima kati ya hizo kutafuta ufunguo wa gari uliokuwa mkononi mwake.

*

Zahanati ilikuwa upande wa Bugolobi, nyuma ya maghorofa, na zamu ilikuwa ya Daktari Ocira. Alizaliwa Gulu lakini alikulia kambini Mbuya, mtoto wa askari, na Kiswahili chake alikiokota huko gwarideni. Kilikuwa Kiswahili kinachotembea haraka bila kusubiri ngeli.

"Mama, mzee nakunywa?"

Bi Maimunah alijivuta ushungi. "Hanywi."

"Hapana kunywa kabisa?"

"Hata maji, daktari. Hata mate anatema. Ni Ramadhani."

"Kale, sawa. Toka siku ngapi?"

"Leo ya tatu. Kama Waislamu wote."

Ocira aliandika kwenye faili: hanywi. Sundus, aliyesimama na chupa zake saba kwa sababu hakuna aliyemwambia pa kuziweka, karibu acheke. Kampala nzima, ukiuliza kama mtu anakunywa, huulizi habari za maji. Mama yake alijibu swali jingine kabisa, na bado jibu lilikuwa sahihi kwa njia zote mbili. Aliihifadhi hadithi hiyo kichwani kwa ajili ya bweni.

"Basi maji imepungua kwa mwili," Ocira alisema, "ama malaria imepanda kichwani. Tutapima. Benedicte! Leta drip ya sukari."

Kipimo cha malaria kilirudi safi. Wakati huohuo Maalim, kitandani, alikuwa anavuta nyuzi zisizoonekana kutoka kwenye shuka na kumkabidhi mdogo wake Shakib, ambaye kwa adabu alizipokea. Moyo ulikuwa unamdunda mpaka kifua kinaonekana kikiruka. Ocira alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi sielewi hii. Na ile ya kuanguka ikirudia mara ya pili, ya tatu, mzee naweza kwenda kabisa. Mama, fikiria vizuri. Iko kitu nyumbani hamjaniambia?"

"Hakuna," akasema Bi Maimunah.

Nesi Benedicte alichovya pamba, akaupangusa mkono wa Maalim kutafuta mshipa. "Pole, ssebo, mzee wangu. Bambi, maskini, pole sana."

Harufu ya spiriti ikapanda.

Sundus aliinusa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie pale akaacha kufurahia chochote. Hiyo haikuwa harufu ya hospitali. Hiyo ilikuwa harufu ya dawa ya kifua ya Baba.

Tangu ana miaka tisa aliifuata yeye, bandarini Port Bell, kwa Mama Travis, mwanamke mwenye mapipa nyuma ya nyumba na sauti ya upole. Mama Travis aliijaza kwenye chupa ya asali, akafunga kifuniko kwa nailoni, akampa Sundus pipi moja. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Na baada ya kwenda bwenini, kila likizo. Chupa ilisafiri ndani ya mfuko wa madrasa, katikati ya juzuu na daftari la imla. Siku moja nailoni ililegea na kurasa za Suratul Mulk zikalowa, naye akalia njia nzima akidhani atapigwa kwa kuharibu kitabu. Baba hakumpiga. Baba alimkumbatia na kumwambia kitabu kitanunuliwa kingine, cha muhimu chupa haikuvunjika.

*

"Mama, njoo nje."

Koridoni palikuwa na benchi moja na bango la chanjo. Ami Shakib aliwafuata, nyuzi za kaka yake bado mkononi.

"Ile dawa ya kifua ni waragi. Ni pombe," Sundus alisema.

Bi Maimunah hakusema astaghfirullah. Hakushika kifua. Alitazama kwanza kama mlango umefungwa, na hapo Sundus akawa hana haja ya kuuliza zaidi, ila aliuliza.

"Ulikuwa unajua?"

"Punguza sauti. Mimi ni mke wake. Unadhani nalala na pua ya nani?"

"Ulinituma mimi! Nikiwa na miaka tisa, Mama!"

"Ulitaka aende mwenyewe? Na kofia yake, achungulie kwa Mama Travis mchana kweupe? Mtoto mwenye hijabu hakuna anayemuuliza anatoka wapi."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini nyama hununuliwa asubuhi. Sundus alimgeukia ami yake. "Na wewe?"

Ami Shakib aliangalia bango la chanjo. "Mimi sikukutuma. Mimi nilikuwa nakupeleka na gari tu. Siku za mvua."

"Na jino bovu?"

"Hakuna jino bovu," mama yake alisema kwa uchovu. "Karafuu nanunua mimi."

Sundus aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amewachezea watu wazima hawa mwaka baada ya mwaka, akijiona bingwa wa kudanganya, kumbe alikuwa anacheza kwenye uwanja wa wenyewe.

"Basi tumwambie daktari."

"Sikiliza." Bi Maimunah alimshika kiwiko, na sasa sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Haji Huzaifa alipompa darsa ya mwezi mzima, baba'ko alirudi nyumbani akamwaga yote chooni. Sikumwambia mimi. Aliapa mwenyewe, analia. Ramadhani zote huwa anafunga mchana na usiku anarudi kwenye chupa. Mwaka huu hajagusa, Sundus. Siku tatu! Ameacha. Ndipo wewe unataka umtangaze, siku aliyoacha? Huyo nesi ana dada anauza vitenge mkabala na msikiti. Kabla ya Isha watu wote watakuwa nalo. Nani ataleta mtoto wake madrasa kwake? Nani atanunua kanzu?"

"Daktari amesema anaweza kufa."

"Daktari anasema hivyo kwa kila mtu. Muache afanye kazi."

Kutoka ndani, kitanda cha chuma kilianza kugonga ukuta. Haraka, kwa mpigo mmoja. Benedicte alipiga kelele kumwita Ocira.

Sundus aliutoa mkono wa mama yake kwenye kiwiko chake, kidole kimoja kimoja, akaingia.

"Daktari, anakunywa. Waragi. Chupa ya asali, ile ya lita, tatu kwa wiki, tangu mimi nina miaka tisa au kabla. Ameacha ghafla juzi kwa ajili ya mfungo."

"Usimsikilize huyu!" Ami Shakib alikuwa mlangoni. "Mtundu sana huyu. Juzi alinifuturisha kabla ya jua!"

Ocira, mikono juu ya mabega ya mgonjwa, hakumtazama Shakib. Alimtazama Sundus.

"Mzee naona wadudu?"

"Sisimizi," Sundus akasema. "Msikitini. Na watu."

"Benedicte! Wacha hiyo sukari, toa. Leta vitamini ya B kwanza, na diazepamu. Kimbia!"

Sindano ilipoingia, kitanda kilipunguza kugonga, kikapunguza tena, kikanyamaza. Ocira alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Wewe nasoma?"

"Nimemaliza Senior Four."

"Basi sikia. Pombe nakanyaga breki kwa ubongo. Kila siku, miaka mingi. Ubongo naona, eh, huyu ananibana, basi naye nakanyaga mafuta zaidi, ili mtu atembee, afundishe watoto, asali. Watu nasema: mzee iko sawa tu. Sasa siku moja mzee natoa mguu kwa breki. Pu! Lakini mafuta bado iko chini kabisa. Gari nakimbia, dreva hapana. Ndiyo kutetemeka, ndiyo jasho, ndiyo kulia ovyo, kuona wadudu." Alitazama faili, palipoandikwa hanywi. "Kuacha ni kuzuri. Kuacha namna hii, mtu mwenye kunywa sana, inaua. Nashusha pole pole, kwa dawa. Na ile sukari, bila vitamini, ningemharibu kichwa mimi mwenyewe, na mkono yangu."

Alikata neno hanywi kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake. Nyuma yake Bi Maimunah alikuwa amesimama bila kukanyaga kizingiti.

*

Siku ya nne ya kulazwa, saa nne asubuhi, Haji Huzaifa alikuja kumjulia hali na mananasi mawili, ingawa mgonjwa peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuyala. Maalim aliketi kitandani amenyolewa, kofia kichwani, mikono imetulia juu ya shuka. Macho yalikuwa yamerudi. Mtaani kote ilikuwa imeshasemwa malaria. Ami Shakib alikuwa ameipeleka habari nyumba hadi nyumba, kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kazi nyingine yoyote.

"Malaria, na bado ulisimama safu ya kwanza!" Haji alisema. "Tunakungoja, Maalim wetu. Darsa hatujampa mtu."

"Inshallah, Haji. Inshallah."

Sauti ilikuwa ileile, ya chini, ya kutuliza watoto. Sundus, pembeni ya dirisha, aliisikia na kwa dakika nzima alitamani kuiamini. Tangu baba yake apate fahamu hawakuwa wamezungumza. Mara moja tu alikuwa amemuuliza mkewe, akidhani binti amelala kwenye kiti: "Nani aliwaambia?" Na mkewe akajibu kwa kumwonyesha binti kwa kidevu.

Ocira aliingia na faili na bahasha ya vidonge. Aliona mgeni, akasimama.

"Mzee, leo narudi nyumbani. Lakini mimi na wewe naongea kwanza. Peke yetu."

"Haji ni ndugu yangu," Maalim alisema. "Hakuna la kuficha."

"Mzee, ni bora peke yetu."

Haji alikuwa amekwisha kunyanyua masikio. Maalim aliona. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyevumilia mengi.

"Daktari, najua kimekusumbua nini. Huyu binti yangu, namwombea kwa Mungu kila siku, ni mtu wa mizaha. Haji mwenyewe anamjua. Alipoona sote tumechanganyikiwa, akakutania jambo la aibu juu yangu. Mimi nimeshamsamehe. Andika malaria, tumalize."

Haji Huzaifa alicheka kwa nafuu. "Aa, Sundus! Aliyemlisha Shakib tende!"

Ami Shakib alicheka. Bi Maimunah alicheka pia, kicheko kifupi, na kwa macho akamsihi binti yake acheke. Ilikuwa kazi ndogo sana. Alikuwa ameifanya maisha yake yote bila malipo.

Ocira hakucheka. "Binti. Ni utani?" Alinyanyua bahasha. "Maana hii, kwa mtu hapana kunywa, ni mbaya, siwezi kumpa. Nitasimamisha leo. Na kwa mtu nakunywa, nikisimamisha leo, ile kuanguka inaweza kurudi. Kwa hiyo mimi naandika vile wewe nasema."

Chumba kizima kilimgeukia. Baba yake naye alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu azinduke, na hakukuwa na hasira katika macho yale. Yalikuwa macho ya upole kabisa, macho ya siku ya kutembelea shule. Yalimwahidi kwamba akisema ndiyo, watarudi nyumbani na kila kitu kitakuwa kama zamani.

"Sundus wangu," akasema.

"Si utani," Sundus akasema. "Anakunywa. Mimi ndiye niliyekuwa namletea."

Haji Huzaifa aliangalia mananasi yake. Alisimama, akavaa viatu palepale chumbani, jambo ambalo mtu wa adabu zake halifanyi. "Nikuache upumzike, Maalim," akasema. Hakusema wetu.

Ocira aliiweka bahasha kitandani na kuanza kueleza: asubuhi vingapi, jioni vingapi, siku tano. Maalim Dawudi aligeukia ukuta. Wakati daktari anaeleza, alisema neno moja tu, na hakumwambia daktari.

"Mtoeni."

Sundus alitoka mwenyewe. Koridoni alisimama chini ya bango la chanjo. Mama yake alimfuata, na kwa hatua zile mbili tatu Sundus alidhani anakuja kumshika.

"Ulikuwa ucheke tu," Bi Maimunah alisema. "Hilo tu. Unacheka kila siku."

"Angekufa, Mama."

Bi Maimunah aliurekebisha ushungi wake, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Najua," akasema, akarudi ndani kwa mumewe.